Kimya Kingi Kina Mshindo: Wakuu wa Kazi na Walio Chini Yao

Katika mji mmoja ambao hatutautaja jina, tulipata kuzungumza na fundi wa mitambo ya maji, mtu mzima aliyekaribia kustaafu, ambaye ametumia zaidi ya nusu ya umri wake akiitunza pampu moja. Tulipomkuta, pampu hiyo ilikuwa imevunjika, na mji mzima ulikuwa umekaa siku nne bila maji. Akina mama walikuwa wakipanga ndoo zao kisimani tangu alfajiri, na zahanati ilikuwa ikiletewa maji kwa mkokoteni. Tulimwuliza Mzee yule kama pampu iliharibika ghafla. Akatikisa kichwa. Alituambia kwamba beringi ilikuwa ikilia kwa muda wa miezi miwili, na kwamba kila fundi wa zamu aliisikia.

"Basi, Mzee, mbona hamkusema?" tulimwuliza.

Alitutazama kwa kitambo, kisha akajibu: "Wanangu, mwaka juzi nilisema."

Habari ya mwaka juzi ilikuwa fupi. Fundi huyo aliona hitilafu nyingine katika mtambo ule ule, akasimama mkutanoni kumweleza mkuu wake. Mkuu akamwuliza, mbele ya vijana aliowafundisha kazi yeye mwenyewe, kama amepata kusoma chuo kikuu. Akaambiwa kwamba analipwa ili akaze na kulegeza nati, si ili awafundishe wakubwa. Mwezi uliofuata akahamishiwa zamu ya usiku. Tangu siku ile yeye na wenzake waliafikiana, bila ya kikao wala azimio, kwamba kila mtu atatenda alichoagizwa na hataongeza neno. Hivyo beringi ikalia hata ikavunjika, na waliolipa gharama ya dharau ile ni akina mama wa kisimani, ambao hawakuwamo mkutanoni wala hawakumjua mkuu huyo kwa sura.

Tumeanza na habari hii kwa sababu malalamiko ya wafanyakazi juu ya wakuu wao mara nyingi huzungumzwa kana kwamba ni ugomvi wa watu wawili ndani ya chumba kimoja, ambao wapita njia hauwahusu. Sivyo hata kidogo. Kazi ya umma ni mali ya umma, na tabia ya mahali pa kazi ni sehemu ya mali hiyo. Ikioza, anayekosa maji, barua, dawa au treni ni mwananchi.

SI MSHAHARA PEKE YAKE

Wakuu wengi wanapoambiwa kwamba wafanyakazi wao hawaridhiki, hudhani mara moja kwamba wanadai fedha. Hapana shaka kwamba mshahara una uzito wake. Mkono mtupu haulambwi, na mfanyakazi mwenye watoto wanne hawezi kula heshima. Lakini mtu yeyote aliyewahi kukaa na makarani, mafundi, wauguzi au madereva baada ya saa za kazi, akawasikiliza wanavyozungumza wakiwa huru, atashuhudia kwamba mazungumzo hayo hayakai sana juu ya shilingi. Hukaa juu ya maneno aliyoambiwa mtu mbele ya wenziwe. Hukaa juu ya barua ya karipio iliyotolewa bila ya mtuhumiwa kuhojiwa, juu ya kijana aliyepandishwa cheo kwa sababu ya ujamaa wa damu, juu ya mkurugenzi ambaye hupita mlangoni kila asubuhi kwa muda wa miaka mitano na hajaitikia salamu ya bawabu hata siku moja.

Mambo haya huonekana madogo kwa mtu anayeyatenda. Kwa anayetendewa si madogo. Mshahara mdogo humwambia mfanyakazi kwamba taasisi yake ni maskini, naye anaweza kuuvumilia kwa matumaini. Dharau humwambia kwamba yeye mwenyewe si kitu, na hilo halivumiliki kwa matumaini ya aina yoyote.

Tena dharau haikai peke yake. Pale ambapo ukweli hausemwi mezani, hunong'onwa uani. Ofisi ambayo mkuu wake hataki kusikia habari mbaya hugeuka upesi kuwa jiko la majungu. Watu hodari wa kazi hurudi nyuma na kunyamaza, na wanaosogea mbele ni wale hodari wa kujikomba, wenye kumpelekea mkuu maneno ya wenzao na kumhakikishia kwamba kila jambo ni shwari. Mkuu huyo huishi katikati ya sifa, na siku mambo yanapoharibika hushangaa kwa moyo wa kweli, kwa maana ni kweli kwamba hakuna aliyemwambia.

URITHI WA NYAPARA

Ni vema tujiulize tabia hii imetoka wapi. Wazee wetu walikuwa na ukubwa na udogo, lakini walikuwa pia na baraza, mahali ambapo mtu aliye mdogo alipewa zamu ya kusema. Asemaye kwamba amri isiyojibiwa ni mila yetu ya asili asitusingizie.

Kazi ya mshahara katika nchi hizi ilianza chini ya sheria ambazo majina yake peke yake yanatosha kueleza. Kenya ilitungiwa sheria ya mabwana na watumishi mwaka 1906. Tanganyika ikapata ya kwake mwaka 1923. Chini ya sheria za namna hiyo, mfanyakazi aliyeacha kazi au kukaidi amri hakuhesabiwa kuwa amevunja mapatano tu, bali alihesabiwa kuwa mhalifu, akaweza kutozwa faini au kufungwa gerezani. Katika mashamba ya mkonge alipewa kipande cha siku 30 za kazi, na aliyeamua kama siku yake imetimia ni msimamizi. Kati ya bwana na kibarua alisimama nyapara, ambaye kazi yake ilikuwa kupeleka amri chini, na si kupeleka maoni juu. Mtu mzima mwenye wajukuu aliitwa boi.

Mwezi Januari 1947, wafanyakazi wa Mombasa kadiri ya 15,000, wa bandari, reli, hoteli na nyumba za watu, waliacha kazi kwa siku kama kumi na mbili, na mji ukasimama. Walidai mishahara, naam, na nyumba, kwa maana maisha ya mji yalikuwa yamepanda. Lakini ndani ya madai yao mlikuwamo pia dai la kuhesabiwa kuwa watu wazima wenye haki ya kusemezwa. Chege Kibachia, kiongozi wa shirikisho lao, alikamatwa mwezi Agosti mwaka ule ule na kupelekwa kuishi kizuizini mbali na wafanyakazi wenzake.

Uhuru ulipokuja, bendera ilibadilika, na viti vikakaliwa na wana wa nchi. Wananchi walifurahi, na walikuwa na haki ya kufurahi. Ila kiti nacho kina mafunzo yake. Wapo waliokikalia wakajifunza haraka jinsi aliyetangulia alivyokuwa akipiga kengele ya kumwita tarishi. Umma ukawatungia jina la Wabenzi, kwa ajili ya magari yao, na jina hilo limebaki katika lugha yetu mpaka leo, jambo linaloonyesha kwamba sababu ya kulitumia haijakwisha.

MWONGOZO WA MWAKA 1971

Miongoni mwa nchi zetu, iliyojaribu kulikabili jambo hili waziwazi ni Tanzania, na historia hiyo inastahili kukumbukwa na majirani wote, kwa mema yake na kwa makosa yake.

Mwaka 1970 Rais Nyerere alitoa waraka wa kuanzisha mabaraza ya wafanyakazi katika mashirika ya umma, ili wafanyakazi wapate nafasi ya kushauri juu ya mipango, uzalishaji na tija. Mwaka mmoja baadaye, mwezi Februari 1971, wiki chache tu baada ya Idi Amin kupindua serikali ya Uganda, Halmashauri Kuu ya TANU ilitoa Mwongozo. Sehemu kubwa ya waraka huo ilihusu ulinzi wa nchi na ukombozi wa Afrika, lakini ilikuwamo humo pia hoja ambayo wengi hawakuitegemea. Mwongozo ulikiri kwamba nchi ilirithi mazoea ya kikoloni ya uongozi, ambayo kwayo mtu mmoja hutoa amri na waliobaki hutii tu. Katika kifungu chake cha 15 uliwakataza viongozi majivuno, makuu, dharau na uonevu. Tena ulieleza kwamba maendeleo si mkate na afya peke yake: jambo lolote linalowapa watu uwezo zaidi juu ya mambo yao wenyewe nalo ni maendeleo.

Waandishi wa waraka huo huenda walidhani kwamba wanawaonya viongozi. Wafanyakazi waliusoma kama hati ya haki zao. Kifungu cha 15 kilijulikana viwandani kama watoto wajuavyo hesabu za kuzidisha. Meneja aliyemtukana mtu asubuhi aliweza kusomewa kifungu hicho kabla ya saa sita. Kati ya mwaka 1971 na 1973 ikazuka migomo mingi, hasa Dar es Salaam, na kilichowashangaza wachunguzi wa mambo ni kwamba katika mingi ya migomo hiyo dai la kwanza halikuwa nyongeza ya mshahara. Dai lilikuwa meneja fulani au ofisa utumishi fulani aondolewe, kwa kuwa anatukana, anapendelea, au anawaonea watu.

Njia zao pia zilibadilika kadiri siku zilivyopita. Kwanza waliweka chini zana za kazi. Baadaye walianza kumfungia nje mkuu waliyemkataa, huku wao wakiendelea kuzalisha mali kama kawaida, kana kwamba wanamwambia umma: tazameni, kazi inakwenda bila ya matusi. Mwaka 1973, katika kiwanda cha mpira cha Mount Carmel mjini Dar es Salaam, wafanyakazi walikwenda mbali zaidi, wakakitwaa kiwanda na kuanza kukiendesha wenyewe.

MAHALI MABARAZA YALIPOKWAMA

Serikali, ambayo mwanzoni iliwasikiliza kwa huruma, iliona sasa kwamba nidhamu ya kazi imo hatarini. Zilikuwapo sababu za kuogopa: nchi changa haiwezi kuendeshwa kwa kila kiwanda kujiamulia, na wapo watu ambao kwao kila karipio la haki liligeuka kuwa dharau. Wimbi hilo likazuiwa. Baadhi ya waliogoma walipoteza kazi zao, na neno lililosisitizwa likawa kazi na nidhamu.

Lakini tukiwa wakweli tutauliza swali lililo nyuma ya hilo. Kwa nini watu waliokuwa na mabaraza, na chama cha wafanyakazi, na kamati za wafanyakazi zilizowekwa na sheria tangu mwaka 1964, walifikia hatua ya kufunga milango kwa kufuli?

Jibu ni kwamba vyombo vile vilikuwa na masikio lakini havikuwa na mikono. Baraza la wafanyakazi lilikuwa na kazi ya kushauri. Ndani yake waliketi meneja na wakuu wa idara, yaani wale wale waliolalamikiwa, na uamuzi wa mwisho ulibaki juu. Chama cha wafanyakazi, NUTA, kiliundwa mwaka 1964 baada ya vyama vilivyotangulia kuvunjwa kufuatia maasi ya askari, na katibu mkuu wake aliteuliwa na Rais. Wa kwanza alikuwa huyo huyo Waziri wa Kazi. Mfanyakazi aliyepeleka shauri lake huko alikuwa akimshtakia serikali mkuu aliyewekwa na serikali. Mgomo nao ulikuwa umefungwa na sheria za utatuzi wa migogoro za mwaka 1962 na 1967 hata ukawa karibu hauwezekani kihalali. Hivyo mtu alifunguliwa kinywa na Mwongozo, lakini hakupewa mahali pa kupeleka maneno yake. Maji yaliyokosa mfereji yakavunja ukuta.

Twasema haya bila ya nia ya kuwadharau waliojaribu. Nchi nyingi hazikujaribu lolote. Twayasema kwa sababu kosa lile lingaliko katika ofisi nyingi za leo, ambamo baraza la wafanyakazi hukutana mara moja kwa mwaka, hula chakula cha mchana, husikiliza hotuba ya mkurugenzi, na kuagana.

MILANGO MITATU

Mwaka 1970, mwaka ule ule wa waraka wa mabaraza, mtaalamu wa uchumi Albert Hirschman alichapisha kitabu ambacho chanzo chake kilikuwa hapa Afrika. Alikuwa amestaajabia reli ya Nigeria: ilihudumia vibaya, malori yakaichukulia mizigo yake, na bado haikujirekebisha. Alieleza kwamba mtu asiyeridhika na chombo ana njia mbili, kuondoka au kusema, na kwamba utii na mapenzi kwa chombo ndiyo humfanya asikimbilie kuondoka. Reli ile ilipoteza wateja wenye uwezo wa kupiga kelele, kwa kuwa walikwenda kwenye malori. Waliobaki walikuwa wanyonge wa sauti. Serikali nayo iliendelea kuijazia hazina. Basi hakuna aliyeishtua.

Twaweza kuyapeleka mawazo hayo katika mahali pa kazi. Mfanyakazi aliyechoshwa na wakuu wake ana mlango wa kusema. Akiufunga mkuu, upo mlango wa kuondoka, na watakaoutumia kwanza ni wale wenye ujuzi unaotafutwa kwingine: daktari, mhandisi, mhasibu mzuri. Wasio na pa kwenda hutumia mlango wa tatu, ambao katika lugha yetu tunauita mgomo baridi. Hawaachi kazi, hawapigi kelele, daftari la mahudhurio lina sahihi zao zote. Ila koti limetundikwa kitini na mwenyewe hayupo, faili limekwenda na halikurudi, beringi inalia.

Mgomo wa wazi huonekana, huzungumzwa, na huisha. Mgomo baridi unaweza kudumu miaka ishirini, na hakuna takwimu inayouhesabu. Mkuu anayejivunia kwamba katika ofisi yake hakuna malalamiko afikiri sana kabla ya kufurahi, maana wazee walituusia kwamba kimya kingi kina mshindo mkuu.

FUNZO KUTOKA UFARANSA

Asidhani mtu kwamba maradhi haya ni ya nchi maskini peke yake. Ufaransa ni nchi tajiri, yenye sheria za kazi za muda mrefu na vyama vya wafanyakazi vyenye nguvu. Huko shirika la simu la France Télécom, ambalo zamani lilikuwa idara ya serikali, lilitaka kupunguza watu 22,000 kati ya wafanyakazi wapatao 120,000 katika muda wa miaka mitatu kuanzia 2006, na kuwabadilishia kazi wengine 10,000. Wengi wao walikuwa bado na hadhi ya watumishi wa serikali, na hivyo kisheria hawakuweza kufukuzwa kwa urahisi. Ikabaki njia moja: kuwafanya watake kuondoka wenyewe. Mkuu wa shirika, Didier Lombard, aliwaambia mameneja wake mwaka 2006 kwamba watu hao wataondoka kwa njia moja au nyingine, kwa dirisha au kwa mlango.

Maneno hayo yalishuka ngazi kwa ngazi. Mafundi wa nyaya waliwekwa kupokea simu za wateja. Watu walihamishwa mara kwa mara mbali na jamaa zao. Wengine walifika asubuhi wakakuta meza yao imeondolewa au hawana kazi ya kufanya. Mameneja wa kati walipimwa kwa idadi ya watu waliofaulu kuwaondoa. Mahakama ya Paris, iliposikiliza kesi hiyo mwaka 2019, ilichunguza habari za watu 39: kati yao 19 walijiua, 12 walijaribu kujiua, na 8 waliugua huzuni kali au kushindwa kufanya kazi.

Tarehe 20 Desemba 2019, Lombard na wakubwa wenzake wawili walihukumiwa kifungo cha mwaka mmoja, ambacho miezi 8 yake iliahirishwa, na shirika likatozwa faini ya Euro 75,000. Katika rufani ya mwaka 2022 kifungo cha Lombard na cha msaidizi wake kiliahirishwa chote, lakini hatia ilibaki. Na tarehe 21 Januari 2025 mahakama ya juu kabisa ya Ufaransa iliithibitisha, ikikubali msingi mmoja muhimu: kwamba siasa nzima ya uongozi, iliyopangwa na wakuu kwa makusudi, inaweza kuwa unyanyasaji mbele ya sheria, hata kama mkuu hakupata kukutana na mhasiriwa wala kulijua jina lake.

Msingi huo una maana kubwa. Kwa muda mrefu mkuu aliweza kujitetea kwamba yeye hakumtukana mtu. Aliyetukana ni msimamizi wa chini. Sasa sheria ya nchi moja imesema kwamba mwenye kuipanda tabia ya mahali pa kazi atavuna matunda yake. Dunia nayo imeanza kuelekea huko. Mwezi Juni 2019 Shirika la Kazi la Kimataifa lilipitisha Mkataba wa 190 dhidi ya ukatili na unyanyasaji kazini, ukaanza kutumika mwaka 2021. Mkataba huo unamlinda pia mwanafunzi wa kazi na anayetafuta kazi, na unawataja kwa namna ya pekee wanawake, ambao mara nyingi hubeba mzigo maradufu: dharau ya cheo, na ile ya mkuu anayedhani kwamba kumpa mtu kazi ni kumnunua.

WAJIBU WA PANDE MBILI

Haki inatudai tuseme na upande wa pili. Wapo wafanyakazi ambao huita kila amri uonevu. Mtu anayefika saa nne, akaondoka saa saba, na katikati akauza vitumbua vya mkewe ofisini, hawezi kujificha nyuma ya heshima ya mfanyakazi. Wapo wanaopika majungu ili kumwangusha mkuu mwaminifu kwa sababu tu amefunga mianya ya wizi. Mkuu anayekaripia uzembe hatendi dharau, bali anatimiza wajibu wake, na umma unamhitaji.

Tofauti ya mambo hayo mawili si ngumu kuiona. Karipio la haki hutaja kosa, hutolewa faraghani, humpa mtu nafasi ya kujieleza, na huisha. Dharau humtaja mtu mwenyewe, nasaba yake, elimu yake, mavazi yake. Hutolewa mbele ya watazamaji. Haihitaji majibu, na wala haiishi.

Wakuu hupenda sana kuwakumbusha walio chini yao methali isemayo kwamba asiyesikia la mkuu huvunjika guu. Ni methali ya kweli, nasi hatuipingi. Lakini aliyeitunga alikuwa akimfikiria mkuu aliyeijua njia kwa kuipita. Katika mtambo wa maji, njia inajulikana na yule anayeisikia beringi. Hapo mkuu asiyesikia la fundi ndiye anayevunjika guu, na mara nyingi guu linalovunjika ni la watu wengine.

NINI KIFANYIKE

Hatudai mambo makubwa. Kwanza, mabaraza ya wafanyakazi yapewe mikono. Hoja iliyoletwa na wafanyakazi ijibiwe kwa maandishi katika muda uliowekwa, na ikikataliwa sababu itajwe. Jibu la "hapana" lenye sababu humridhisha mtu mzima kuliko "tutaliangalia" lisilo na mwisho.

Pili, shauri dhidi ya mkuu lisiamuliwe na mkuu huyo huyo, wala na rafiki yake wa mezani. Mlalamikaji alindwe asihamishwe wala kunyimwa cheo wakati shauri lake linasikilizwa, kwa kuwa uhamisho wa zamu ya usiku umewanyamazisha wengi kuliko jela.

Tatu, mkuu apimwe pia kwa watu aliowapoteza. Ofisi ambayo kila mwaka inaondokewa na mafundi wake bora, au ambamo kila mtu anaomba uhamisho, inatoa ushahidi usiohitaji mashahidi. Bodi zinazokagua hesabu za fedha zikague na hesabu hiyo.

Nne, lililo rahisi kuliko yote na ambalo halina kasma katika bajeti yoyote: mkuu atoke nje ya ofisi yake. Asimame karibu na mtambo, asalimie, aulize, na akishauliza anyamaze asikilize. Heshima si utumwa. Aliyempa fundi wake heshima hakupungukiwa cheo hata kidogo.

Tulipoagana na Mzee yule, mafundi wenzake walikuwa wakiifunga beringi mpya. Kijana mmoja miongoni mwao alisimama, akainamisha sikio karibu na pampu, akakunja uso, kisha akamtazama Mzee. Mzee hakusema neno. Kijana naye hakusema. Maji yalirudi mjini jioni ile, na watu walishangilia. Sisi tuliondoka tukiwaza kwamba kijana huyo amebakiwa na miaka thelathini ya kazi, na kwamba jambo alilolisikia pamejulikana na watu wawili tu, ambao wote wawili wamekwisha fundishwa kunyamaza. Wakuu wa kazi, wa mji ule na wa miji mingine, wangali na nafasi ya kwenda kumwuliza.